Wapiga Chapa Wawili, Benchi Moja

Kila mtu ana la kusema kuhusu piano, isipokuwa yule aliyewahi kuikalia. Jirani yangu fundi viatu, ambaye hata filimbi hajawahi kuigusa, alinisimamisha mlangoni pake siku aliponiona na kitabu cha nota kwapani. "Mama, hicho kitu ni cha watoto. Samaki mkunje angali mbichi." Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi ni samaki mkavu, ng'onda?" Akacheka, akainamia kiatu chake. Lakini maneno yaliniingia, kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyoamini. Nilijua piano ni ya mtoto aliyeanzishwa kabla hajang'oka meno ya utoto, mwenye vidole virefu vyembamba, aliyezaliwa na kipaji, kutoka nyumba yenye piano sebuleni. Vidole vyangu ni vifupi na vinene, na sebule yangu ilikuwa na kabati moja na makochi mawili yasiyofanana.

Aliyenitia katika mambo hayo ni Chapuchapu.

Msidhani ni jina la kuzaliwa. Mimi na yeye tulikuwa wapiga chapa, katika chumba kimoja kirefu cha ofisi, enzi zile barua ya mkubwa haikutoka bila kupita kwenye vidole vya mwanamke. Meza zetu ziligusana. Yeye alikuwa na mbio hata watu wa ofisi nyingine walikuja kumtazama, ndiyo maana wakamwita Chapuchapu. Mimi karatasi yangu haikuwa na kosa, wakaniita Bi Safi. Na kazi ile haikuwa na msamaha, jamani. Karatasi, kaboni, nakala, kaboni tena, nakala tena, zote umezivingirisha kwenye mashine pamoja. Ukikosea herufi moja, hata kama imebaki sahihi tu ya mkubwa, unachomoa mzigo mzima, unaukunjakunja, unautupa, unaanza upya kwenye tarehe. Wenzangu walipaka ile dawa nyeupe ya kufutia. Mimi? Thubutu! Barua yenye kiraka haikutoka mezani kwangu.

Hadi leo nikikiwaza chumba kile, kinachonijia kwanza ni kelele. Mashine zote zinalia kwa pamoja, kengele ndogo inasema ting huku, ting kule, kila mmoja akifika mwisho wa mstari na kusukuma ule mkono wa chuma ili mashine irudi mwanzo. Tulipiga soga humo humo bila kusimamisha vidole. Mimba, misiba, waume, mawifi, vyote tulivimaliza katikati ya barua za watu. Nilikuwa najua mume wa Chapuchapu kamuudhi kwa jinsi tu alivyopiga nukta. Nimekaa vyumba vingi maishani, lakini sijawahi tena kukaa mahali nikajiona niko nyumbani kama pale.

Kisha zikaja kompyuta. Kila mkubwa akaanza kujiandikia mwenyewe, kwa vidole viwili, makosa tele, wala haoni aibu. Chumba chetu kikafungwa, tukakatiwa keki, tukapeana mikono, basi. Nyumbani kulikuwa kimya, kimya kibaya. Nikajikuta nagonga meza, nagonga mfuniko wa sufuria, napiga chapa maneno ya mtangazaji wa redio kwenye paja langu mwenyewe. Chapuchapu alikuwa katika hali hiyo hiyo, ila yeye si mtu wa kukaa na tatizo. Akaja kwangu anahema.

"Juu ya duka la vifaa vya shule kuna mwalimu wa piano. Kaandika mlangoni kwamba wanaoanza wanakaribishwa. Umri hakuandika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vidole tunavyo, mbio tunazo, na vitufe hatuvitazami tangu ujana wetu. Bado nyimbo tu. Mwezi mmoja, tumemaliza."

"Chapuchapu, usinichekeshe, nina ufa mdomoni."

Basi ndivyo tulivyopanda zile ngazi, mmoja anaamini tumeshachelewa kabisa, mwingine anaamini tumeshafika. Sijui nani alikuwa amepotea zaidi.

Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka penseli mpya kutoka dukani chini. Ukutani mwalimu alikuwa amegandisha trei za mayai ili sauti isiwasumbue majirani, na bado kila gari lililopita tulilisikia. Watoto walikuwa wamekaa kwenye benchi wanangoja zamu. Binti mmoja mdogo, miguu haifiki sakafuni, akanitazama juu hadi chini. "Bibi, umemleta nani?" Nikamwambia, "Nimejileta." Akafikiri kidogo. "Mimi niko kitabu cha pili," akasema, ili nijue nafasi yangu.

Mwalimu alikuwa msichana wa umri wa binti yangu wa mwisho, sauti ya pole lakini habembelezi. Nikamwonyesha mikono yangu ili anikatae mapema, niende zangu. "Mwanangu, tazama vidole hivi."

Akavitazama. "Vina nini? Vidole virefu ni vya kuchumia mapapai, mama. Kaa."

"Na kipaji je? Mimi kwetu hakuna hata mmoja aliyejua kuimba."

"Kipaji sijawahi kukiona kikiingia mlangoni hapo. Naona watu tu. Hawa watoto wameletwa, nyinyi mmejileta wenyewe. Kaa, mama."

Nikakaa. Nikamwambia basi anipe kwanza nota zote nikazikariri nyumbani, nikizijua zote ndipo nitagusa. Akaniuliza kama watoto wangu walijifunza alfabeti kabla ya kusema mama. Huyo alikuwa na majibu, na mimi mtu mwenye majibu nampenda, hata akinikera.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la wote wawili: tulipigilia. Mashine ya chapa ukiigusa kwa upole herufi hazifiki kwenye nakala ya chini, kwa hiyo sisi tulilelewa kupiga kwa nguvu sawasawa, kitufe baada ya kitufe. Mwalimu akaziba masikio. "Mama zangu, piano inasikia mnavyoigusa. Ukija na hasira itasema una hasira." Nikamwambia mimi sina hasira. Akaniomba nipige kitufe kimoja tu. Nikapiga. Wale watoto wote kwenye benchi wakaangua kicheko.

Kosa la pili lilikuwa la Chapuchapu peke yake, nami ndiye niliyelipata. Mwalimu alikuwa ametukalisha benchi moja tusome mstari mmoja pamoja, mimi kushoto, yeye kulia. Alipofika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe kwenda kusukuma mashine irudi, na mashine haipo, ila sikio langu. Pa! Mwalimu hakuelewa kilichotokea. Sisi tulielewa. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, machozi yanatutoka, na nikiwa katika kicheko hicho nikakikumbuka chumba chetu kile kirefu kwa uchungu ambao sikuutegemea.

Kumbe mwezi mmoja ni wa kujua tu kukaa. Chapuchapu alilikubali hilo kwa shingo upande. Mimi nikaja na wazimu wangu: niliazima kinanda kidogo cha umeme cha mpwa wangu, nikakikalia kutwa nzima kama nilivyokuwa nakalia kazi, mpaka kiwiko na kifundo cha mkono vikavimba. Mwalimu akanigombeza. Akasema nifanye kidogo kila siku, muda wa chai kuchemka unatosha, kisha niondoke. Nilikuwa nimeamini anayejitesa ndiye anayejifunza. Chapuchapu hakuwa na kinanda. Alipasua boksi la friji, akachora vitufe kwa kalamu nyeusi, akalitandika juu ya meza ya chakula, akawa anapiga humo. Niliona ni mchezo wa kitoto. Mwalimu akasema ni sawa kabisa kwa anayeanza, vidole vinajifunza njia.

Tukaendelea hivyo, msimu ukapita, tukawa tunaweza nyimbo fupi za mkono mmoja. Ndipo siku moja, tukishuka ngazi, Chapuchapu akasema bila kunitazama, "Mwanangu amemaliza nyumba. Anataka nihamie kwake."

Mwanawe anaishi mbali, safari ya kulala njiani na kubadili basi. Nikauliza kwa muda gani.

"Kuhama, Bi Safi. Si kutembea."

"Lini?"

"Shule zikifungwa."

Nilikuwa nimemzika mume wangu nikiwa na huyu ubavuni, naye akamzika wake nikiwa ubavuni pake. Watoto wangu waliondoka mmoja mmoja nikiwa na huyu ubavuni. Halikuwahi kunipitia wazo kwamba na yeye anaweza kuondoka.

Tulipomwambia mwalimu, akafungua kabati, akatoa karatasi moja. Kilikuwa kipande cha wanaoanza, lakini cha watu wawili, mikono minne kwenye piano moja. Mimi siku zote nilidhani piano ni ya mtu mmoja mpweke aliyevaa suti. "Wiki shule zinapofungwa nafanya siku ya wanafunzi, wazazi wanakuja kuwasikiliza," mwalimu akasema. "Mtapiga hiki. Pamoja."

Chapuchapu akapewa upande wa juu, wenye wimbo wenyewe. Mimi nikapewa chini, sauti nzito, zile zile zikirudiarudia kama mtu anayetwanga. Ukurasa mmoja tu, mistari minne. Tukaapa tutaupiga hadi mwisho kabla hajaondoka. Nilikitaka kitu hicho kuliko nilivyowahi kutaka cheo.

Hapo ndipo desturi ya kazi yangu iliponigeuka. Nikikosea, nilisimama, nikarudi mwanzo kabisa. Kosa mstari wa kwanza, mwanzo. Kosa mstari wa pili, mwanzo. Sikuwa najiamulia, mikono ilijitoa yenyewe kama inachomoa karatasi. Nilikuwa na hakika ndivyo watu wanavyojifunza, maana wimbo wenye kosa si wimbo, ni uchafu. Matokeo yake mstari wa kwanza tuliujua hata usingizini, wa pili tuliujua nusu, na wa nne hatukuwahi kuufikia.

"Mwalimu," Chapuchapu akauliza siku moja, "huu wimbo una mwisho kweli?"

"Unao, mama. Ila Bi Safi hajaturuhusu."

Mwalimu alinieleza kwa kila njia. "Ukikosea, endelea. Anayesikiliza ameshalisahau kosa, wewe bado umelikumbatia. Na mwenzako yuko mbele, utamwacha na nani?" Nilitikisa kichwa kukubali, nikaweka mikono, nikakosea, nikarudi mwanzo.

Siku zikazidi kuyeyuka, na Chapuchapu akalipuka. Alilipukia pale pale kwenye benchi, mbele ya watoto.

"Unachomoa karatasi! Hapa hakuna karatasi, Bi Safi! Hakuna mkubwa, hakuna nakala, hakuna atakayesaini!"

"Na wewe unakimbilia wapi? Unapiga ovyo ovyo unapita tu!"

"Naenda kwa mwanangu, ndiko ninakokimbilia! Mimi naondoka, na wewe kila siku unanirudisha mstari wa kwanza!"

Akachukua mkoba wake, akashuka. Mimi na ukaidi wangu nikabaki nimekaa, uso unanichoma. Yule binti wa kitabu cha pili akaniambia taratibu, "Bibi, hata mimi huwa nakosea." Nilitamani sakafu inimeze.

Nilikaa nyumbani siku kadhaa nikijifanya sijali. Halafu nikasema, potelea mbali, nikaenda kwake. Nikamkuta katikati ya maboksi. Makabati yalikuwa wazi, picha zimeshashushwa ukutani zikaacha alama. Lakini meza ya chakula ilikuwa bado imesimama, na lile boksi lake la vitufe bado limetandikwa juu yake.

"Hilo hulifungi?" nikauliza.

"La mwisho," akasema. Hakuniambia karibu. Alivuta kiti kimoja, kisha akavuta cha pili.

Tukakaa, mimi kushoto, yeye kulia. Akahesabu kwa mdomo, tukaanza kupiga boksi. Hakuna sauti iliyotoka ila vidole kwenye karatasi ngumu, tap tap tap. Nikafika mahali pangu pa kukosea na sijui kama nilikosea, maana nani angejua? Boksi halisemi. Nikapita. Nikaingia mstari wa tatu, kidole chake na changu vinakwenda pamoja, nikaingia wa nne, na mara tukawa hatuna pengine pa kwenda. Tumefika. Wimbo mzima, na hakuna aliyeusikia.

"Umeona?" akasema Chapuchapu.

"Nimeona."

"Sasa fanya hivyo hivyo kwenye ile ya kelele, mwanamke mkaidi wewe."

Nikafanya. Si kwa mara moja, lakini nilifanya. Kila nikikosea nilijiambia boksi, boksi, nikasonga. Meno niliyauma, jasho lilinitoka, na kila kosa nililoliacha nyuma lilinikera siku nzima. Lakini tukawa tunafika mwisho. Wimbo wenyewe ulikuwa mdogo tu, wa mtoto, na mimi nilikuwa naona hakuna kizuri zaidi yake duniani.

Siku ya wanafunzi ilikuwa ndiyo siku ya safari yake. Mwanawe alikuja na gari limeshapakiwa, godoro limefungwa juu, wakakubaliana wataondoka moja kwa moja tukimaliza. Chumba kilijaa wazazi, wengine wamesimama hadi kwenye ngazi. Mwalimu alikuwa ameweka maua kwenye mtungi juu ya piano. Watoto walipiga, wakainama, wakapigiwa makofi. Kisha akatuita sisi. Nikasikia baba mmoja akinong'ona, "Hawa ndio bibi zao?" Jibu nilikuwa nalo, nikalipeleka kwenye benchi.

Tukakaa. Nikasikia bega lake kwenye bega langu. Mstari wa kwanza ulitiririka. Wa pili nilikosea, kosa la wazi, kila mtu kalisikia, na mikono ilitaka kuchomoa, nikaikataza. Tukasonga. Wa tatu ulikuwa mzuri kuliko siku zote, mpaka katikati yake, Chapuchapu akasimama.

Hakuinuka, aliacha tu kupiga. Mikono yake ilikuwa juu ya vitufe, haishuki. Chapuchapu, ambaye hajawahi kusimama mbele ya kitu chochote! Nikamtazama kwa pembe ya jicho, macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Na mimi nikaendelea. Nilipiga sauti zangu nzito peke yazo, bila wimbo juu yazo, zimebaki uchi, nikawa namwekea mahali ili akija apakute. Nikamaliza mstari wa tatu hivyo. Nikaingia wa nne hivyo. Kwenye zile nota chache za mwisho mikono yake ikashuka, akaingia, tukafunga pamoja.

Makofi yalikuwa makubwa. Mwalimu alikuwa anafuta macho. Akanishika mkono akaniambia, "Bi Safi, leo umekuwa mpiga piano." Nilijisikia fahari, siwezi kuficha. Nilijiona nimemwokoa rafiki yangu mbele ya watu.

Tukatoka. Kwenye ngazi, watu wamepungua, nikamuuliza, "Ulipotewa na nota?"

"Sikupotewa."

"Sasa mbona ulisimama?"

Akashika chuma cha ngazi. "Niliuona mstari wa mwisho. Ulikuwa umebaki huo tu. Nikasema nikisimama hapa, Bi Safi atachomoa karatasi, tutaanza upya." Akacheka, lakini sauti ilimkatika. "Miaka yote ninayokujua unarudi mwanzo. Leo ndiyo siku niliyokutaka urudi, na wewe ukaenda mbele."

Hasira zilinipanda, na si kwake, ila kwa yule mwalimu aliyenifundisha vizuri namna ile. Mimi, niliyewajibu wakubwa watatu hadi wakahamishwa, nilikuwa na hili tu: "Ungenigusa mguu."

"Ningekugusaje? Ulikuwa unapiga vizuri."

Nikaanza kulia pale pale, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni, na yeye akanishika kichwa akakiegemeza kifuani pake. Chini, mwanawe akapiga honi. Akapiga tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Nenda," nikamwambia. "Giza litawakuta njiani."

"Mwache apige," akasema Chapuchapu, akakunja gauni lake, akaketi kwenye ngazi, akanivuta na mimi nikae.